Afande wa Uchochoro wa Gereji

Kwanza niseme kwamba mimi ni mtu wa hasira. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi, hata mkunga akadhani nimeshika kitu cha watu. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nilikuwa mpole nikachokozwa hadi nikageuka. Sikugeuka. Ila kwa muda mrefu hasira yangu niliimeza kila asubuhi pamoja na chai, kwa sababu nilihitaji kufika kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa Kisenyi, katika duka la jumla la nguo za kike: majuba, mitandio, mashuka ya harusi. Mwenye duka ni mama wa Kisomali aliyefika Kampala kupitia Nairobi. Tuliitana abaayo, yaani dada kwa lugha yao, ingawa yeye alikuwa mkubwa kwangu na ndiye mwenye funguo. Alinichukua kwa ajili ya Kiswahili changu. Wateja wake wakubwa ni akina mama wa Kongo wanaoshuka kwenye mabasi alfajiri, wakanunua mapema na kuondoka siku hiyo hiyo, na hawana muda wa muuzaji anayetafuta maneno kwenye dari.

Mimi Kiswahili sikukitafuta. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini na Mkatoliki. Mama ni Mnubi, Mwislamu, wa vile vizazi vya askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Walitulea kambini, katika vibanda vya mabati vya duara, ambako kila kabila lilikuwepo na Kiswahili ndicho kilichotupikia na kutugombeza. Watoto wa nje ya kambi walisema Kiganda na walituogopa kidogo. Tulipowaita tucheze, walisita. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kwa wazazi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki.

Kutoka paki ya teksi hadi dukani kuna njia ya mkato, uchochoro wa gereji. Pande zote mbili ni springi, ekzosi, milango ya magari isiyo na magari. Vijana hukaa juu ya injini kuukuu wakisubiri kazi, na kazi isipokuja, kazi inakuwa ni wanawake wanaopita.

"Sayizi yange!" Ndivyo wanavyoita. Saizi yangu. Kana kwamba mimi ni kiatu kilichoning'inizwa mlangoni na yeye amekwisha kukijaribu. Basi ilikuwa sayizi yange kuanzia injini ya kwanza hadi ya mwisho, na katikati kulikuwa na maoni kuhusu makalio yangu, chakula nilichokula jana, na mwanamume gani ananilisha. Ukinyamaza, unaringa. Ukijibu, una mdomo. Ukitabasamu ili mambo yaishe, unafuatwa hadi mlangoni.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa mpiga rangi. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, na kope zake zilikuwa na vumbi la rangi ya gari alilokuwa akilipulizia wiki hiyo: wiki hii nyeupe, wiki ijayo nyekundu. Yeye hakuita kwa mbali. Alishuka kwenye injini yake akasimama njiani, nami nikawa sina budi kupinda kumpita, na yeye akapinda nami. Wenzake walicheka. Nilipofika dukani, nilikuwa nimesahau hata jina la kitambaa.

Abaayo alikuwa na mbinu yake. Yeye walimwita "walalo, walalo," yaani ndugu, Kisomali cha kuokota mtaani, na yeye alipita na simu sikioni ndani ya mtandio akizungumza kwa ukali. Siku moja nilimuuliza hugombana na nani kila asubuhi.

"Hakuna mtu," akasema. "Simu yenyewe imezimwa."

Mimi nilijaribu njia ndefu, ile ya barabara kuu, kati ya mikokoteni na wabeba marobota. Nilichelewa. Nikachelewa tena. Mara ya tatu nilikuta mama mmoja wa Kongo amekaa juu ya mzigo wake nje, amenuna, na abaayo amesimama kando yake.

"Abaayo, mimi nakupenda," aliniambia wateja walipoondoka. "Lakini wateja hawangoji mapenzi yangu. Ukichelewa tena, ubaki nyumbani kabisa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Ama nipite uchochoro, ama nipoteze kazi. Nyumbani kwetu Namuwongo, kwenye vyumba viwili baba alivyojenga alipostaafu, mshahara wangu ndio uliokuwa ukiweka sufuria jikoni. Nikajikaza kisabuni, nikarudi uchochoroni.

Siku hiyo kope zake zilikuwa za buluu. Nilimwona kabla hajaniona, nikaongeza mwendo, nikatazama chini kama mtu anayehesabu kokoto. Haikusaidia. Alishuka.

"Jangu wano, sayizi yange," akasema, njoo hapa, na safari hii mkono wake ukanishika kiunoni ukakaa.

Sijui niseme nini kuhusu ule mkono. Ulikuwa wa moto, na ulikaa pale kwa utulivu, kama umewekwa mahali pake. Kilichonitoka kinywani hakikuwa Kiganda ambacho hukisema kila siku mjini. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kile baba alichokitumia kuamsha kambi nzima.

"Toa mukono! Wewe nani? Simama hapo! Kitambulisho iko wapi?"

Mkono uliondoka kabla sijamaliza. Aliyekuwa akigonga bati aliacha nyundo hewani. Mpiga rangi alirudi nyuma hatua kadhaa, akakaribia kuanguka juu ya injini yake.

"Afande, pore," akasema, pole kwa ulimi wa Kiganda. "Pore sana afande, mi sikujua."

Nilitembea hadi mwisho wa uchochoro mgongo umenyooka, nikakata kona, nikajiegemeza ukutani. Halafu nikacheka. Nilicheka peke yangu mpaka mwanamke aliyekuwa akiuza mandazi akaniuliza kama nimepata habari njema.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa malkia. "Jambo, afande." "Pita, afande." Walikuwa wakisogeza miguu. Nilivaa viatu vyangu vyeusi vya kufunga, nikawa napita polepole, na sitadanganya, nilifurahia. Nilimsimulia mama jioni moja tukichambua mchele uani, na mama akacheka hadi akaweka ungo chini.

"Hiyo damu ya baba yako," akasema. "Hata mimi si alinikamata hivyo hivyo?"

Ikaja ile hadithi ya nyumbani kwetu ambayo kila mgeni lazima aisikie. Mama ni msichana, anatoka bombani, debe la maji kichwani. Baba ni askari mpya mwenye bunduki na filimbi. Anapuliza filimbi. "Wewe! Simama! Kitambulisho!" Mama anasimama, debe linateleza, maji yote yanamwagika barabarani. Hapo ndipo baba hupokea hadithi, kila mara, kwa sauti ya ushindi: "Aliona mimi tu, akamwaga maji yote!" Wageni hucheka. Sisi watoto tulicheka miaka yote. Siku hiyo nilicheka pia, ila nilichelewa kidogo.

Baba hakucheka sana. Alikuwa akipaka viatu vyake rangi, maana hadi leo huvipaka kila jioni ingawa haendi popote.

"Uliambia yeye wewe ni afande?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Nilisema Kiswahili tu."

"Hapa Kampala hiyo ni kitu moja." Akageuza kiatu. "Sikiliza. Kuitwa barabarani, hiyo hapana kesi. Kushikwa shikwa kidogo, ukienda posti ya polisi, mutu wa kaunta nacheka na wewe. Lakini raia kujifanya afande, hiyo kesi kubwa. Wewe ndiyo nafungwa, si yeye."

Alikuwa akisema kweli, na alikuwa akiisema kwa upendo, na damu ilinichemka hadi masikioni. Kumbe yule mwenye mkono hana kosa, na mwenye kiuno ndiye wa kufungwa. Nikaingia ndani nisije nikamkosea adabu.

Uongo ambao hata sikuusema ulidumu mpaka mbeba marobota mmoja alipoleta mzigo dukani. Alinikuta nimepiga magoti sakafuni nikikunja mashuka, futi ya kupimia shingoni. Alinitazama. Aliutua mzigo taratibu. Kisha akatoka bila kusubiri kutiwa saini, nami nikajua anakimbilia wapi. Haikupita muda, mpiga rangi mwenyewe akasimama mlangoni, kope nyeupe, akanitazama toka kichwani hadi magotini.

"Afande," akasema taratibu, akiacha neno lipoe. "Afande wa mashuka."

Abaayo alimfukuza kwa fimbo ya kufungulia shata la mlango, lakini yeye alikuwa amekwisha kupata alichokuja kutafuta.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyeita sayizi yange. Waliita afande. "Afande, nikamate!" "Afande, nimeiba, nipeleke kwako!" "Afande, nifunge pingu kitandani!" Uchochoro mzima ulikuwa ukinyoosha mikono, viganja juu, kunitaka niwafunge. Neno lililonipitisha salama sasa ndilo walilonivulia nalo nguo. Na walikuwa na kisasi, maana waliaibika waliponiogopa, na mwanamume aliyemwogopa mwanamke wa mashuka lazima amlipishe mtu. Mmoja alitupa boliti ikagonga kisigino changu. Mwingine alinifuata akipiga saluti hadi dukani. Kila siku walizidi kunisogelea kidogo, na nilianza kuamka kabla ya adhana, nikipanga kona gani nipite upande gani, na nani huwa amekaa wapi.

Nilimwambia mama naacha kazi. Sikumwambia baba, lakini chumba kwa chumba kwetu ni pazia tu.

Asubuhi iliyofuata baba alikuwa mlangoni, amevaa viatu.

"Mi nakuja," akasema. "Nakaa nyuma. Wewe tembea kama kila siku. Mi nataka sikia."

"Baba, unataka kusikia nini? Nimekwisha kusema."

"Nataka sikia na masikio yangu."

Nilikasirika. Maneno yangu hayakutosha, ilibidi yasikike kwa masikio ya afande. Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa na hasira, nikamwacha aje.

Alibaki nyuma kama alivyosema, mzee mwembamba anayetazama bei za springi. Nikaingia uchochoroni. Injini ya kwanza: afande, afande. Nilisikia aibu ambayo sikuitarajia, kwamba baba anasikia. Kila neno kuhusu mwili wangu lilinipita likaenda kumfikia yeye, na nilitamani kurudi nimzibe masikio. Niliendelea. Wakati huo macho yangu yalikuwa yakimtafuta mmoja tu.

Alikuwa na kope za kijani. Alikuja akiwa ameunganisha viganja vya mikono, kama mfungwa, akitembea kinyumenyume mbele yangu.

"Afande, nikamate. Afande, leo nimekubali. Nikamate basi!"

Nilijaribu kushoto, akawa kushoto. Nilijaribu kulia. Wenzake walikwisha kusimama juu ya injini ili waone vizuri. Halafu akainua ile mikono iliyounganishwa akaipitisha juu ya kichwa changu, akaishusha nyuma ya mgongo, nikawa ndani ya duara la mikono yake, uso wangu kwenye shati lake lenye harufu ya tina ya kuyeyushia rangi. Walipiga makofi. Sikuweza kuinua mikono. Nilifungua kinywa, na safari hii hakikutoka Kiswahili wala Kiganda wala chochote.

Nilisikia mtu akikohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu utotoni; kambi nzima ilikijua.

Mikono yake iliniachia mara moja. Mpiga rangi alimtazama baba, akatazama viatu vyake vinavyong'aa, akatazama mkono wa baba uliokuwa umeshafika begani kwangu. Uso wake ukabadilika kabisa. Akainamisha kichwa, akashika kifua kwa adabu.

"Mzee, pore," akasema. "Pore sana, mzee. Mi sikujua hii ni ya kwako."

Hii ni ya kwako. Kiswahili cha mjini kwetu hakina muda na ngeli. "Hii" inatosha kwa mtu, kwa mbuzi na kwa kiti, na mimi mwenyewe husema hivyo nikiwa na haraka. Siku nyingine neno lingenipita. Siku hiyo liliniingia kama mwiba wa samaki. Alikuwa akiomba radhi kweli, naye alikuwa akimwomba mwenye mali. Mimi nilikuwa nimesimama pale katikati yao, nywele zimevurugika, na hakuna aliyekuwa akinitazama.

"Haya," baba akasema. Ilikuwa sauti ya polisi anayefunga shauri. "Imeisha."

Haikuwa imeisha. Mpiga rangi alipogeuka kurudi kwenye injini yake, nilimfuata nikamshika suruali nyuma, penye mkanda, nikakunja ngumi ndani yake na kuivuta juu.

Yeyote aliyewahi kuona askari wetu akimkamata mtu anajua mshiko huo. Hawahitaji pingu. Suruali ikivutwa hivyo, mwanamume hutembea kwa ncha za vidole na huenda unakotaka, mkubwa au mdogo. Sisi watoto wa kambi tuliucheza mchezo huo kila jioni, na baba ndiye aliyenirekebisha ngumi: kidole gumba ndani, siyo nje. Mpiga rangi alipanda juu ya vidole vyake akatoa sauti nyembamba. Hakuna aliyepiga makofi.

"Si umesema nikukamate," nikamwambia. "Sasa omba msamaha."

"Si nimeomba, afande? Si nimeomba mzee?"

"Ulishika mzee? Ulizungushia mzee mikono? Niombe mimi."

Alijaribu kujipindua, nikavuta. Wanaume wawili waliteremka kwenye injini wakaanza kuja, na nikaona kwamba sikuwa nimepanga chochote baada ya hapo. Sikuwa na posti ya kumpeleka. Nilichokuwa nacho ni ngumi moja tu, na ilikuwa imeanza kuchoka.

"Mzee," mpiga rangi akalia, "ambia yeye aniache! Mzee, ambia yeye!"

Baba alinitazama. Kisha akawatazama wale wawili, nao wakasimama pale walipofika. Nilidhani ataniambia niache, kwa sababu ya kesi, kwa sababu ya watu, na najua kama angesema, ningeacha.

"Mi hapana mwenye yeye," baba akasema. "Omba yeye mwenyewe."

Uchochoro mzima ulikuwa ukisikiliza. Mpiga rangi aligeuza shingo kadiri alivyoweza, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake chini ya ule unga wa kijani. Alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyodhani.

"Nsonyiwa, nnyabo," akasema kwa Kiganda, kwa sauti ya chini. Nisamehe, mama.

Nikamwachia. Sikusema nimekusamehe, maana sikuwa nimemsamehe. Baba alitaka kunisindikiza hadi dukani.

"Rudi nyumbani, baba," nikamwambia.

"Nangoja hapa kwanza. Mpaka uingie."

"Ukingoja leo, kesho nitapita na nani?"

Akafikiri. Akageuka akarudi alikotoka, polepole, mikono nyuma, na mimi nikaenda mbele. Nilifungua shata kabla mama wa Kongo wa kwanza hajafika, na abaayo akatazama saa, akanitazama mimi, akanipa maji ya kunywa bila kuuliza.

Bado napita pale. Wapo wanaoita, siwezi kudanganya. Wengine wameanza tu kazi na hawajui habari. Mpiga rangi haiti. Hutazama kopo lake la rangi. Na mimi bado natembea mkono wa kulia umekunjwa, kidole gumba ndani.

Lakini jioni ya siku ile kuna jambo jingine lilitokea nyumbani. Tulikuwa tumemaliza kula, jirani amekuja kupiga soga, na mama, ili kuchangamsha watu, akaanza ile hadithi yake ya debe. Akafika kwenye filimbi, akafika kwenye kitambulisho, akanyamaza kidogo kumpa baba nafasi yake, kama kawaida.

Baba hakuichukua. Alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi.

"Ile maji," akamwuliza mama, "ulimwaga kwa nini?"

Jirani alicheka, akidhani ni utani mpya. Mama hakucheka. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaanza kukusanya sahani.

"Mikono ilikuwa inatetemeka," akasema. "Ulikuwa na bunduki."